Shangazi, nimtumie filamu hii aone ninavyompenda?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Mwaka jana nilipendana na mwanamke aliyekuwa ametengana na mumewe. Tulikuwa pamoja wiki tisa, kisha akarudi kwa mumewe. Sasa ni miezi kumi na moja. Jioni napita mtaani kwao, nasimamisha gari, naangalia taa ya sebuleni, halafu naondoka. Nina ujumbe wake wa sauti wa sekunde nne, "Nimefika salama, lala," nausikiliza kila usiku. Mara ya mwisho aliniandikia: "Tafadhali usinitafute tena." Juzi dada yangu alinionyesha filamu ya zamani ya Marekani, Chilly Scenes of Winter. Akaniambia, "Huyu ni wewe." Mwanzoni nilicheka, baadaye nikalia. Nataka nimtumie aitazame, ajue kuna mtu anayempenda kiasi kile. Nitakuwa nimekosea?*
*Anayesubiri*

Marahaba mwanangu. Usimtumie.

Nimeanza na jibu kwa sababu najua simu iko mkononi mwako na moyo una haraka. Sasa weka simu pembeni tuzungumze.

Hiyo filamu naijua na naipenda sana, na inaniuma kwamba walioiona ni wachache. Kwa wasomaji wasioijua: Charles ni karani wa serikali katika mji wa Salt Lake City. Kazini anakutana na Laura, mwanamke aliyemwacha mumewe kwa muda. Wanapendana, kisha Laura anarudi kwa mumewe. Charles anabaki kumsubiri. Anakaa ndani ya gari nje ya nyumba yao, na kwake nyumbani ana mfano mdogo wa nyumba hiyohiyo, ule wa paa la pembetatu linaloshuka hadi chini, alioutengeneza kwa mikono yake. Ni vichekesho vya mapenzi na unacheka kweli, lakini kila kicheko kinakuachia uzito kifuani.

Dada yako hakukosea kukuona humo. Ila nadhani wewe ulijiona mahali tofauti na pale alipokuonyesha. Wewe uliona mapenzi makubwa, mwenzio aliona ile nyumba ndogo juu ya meza.

Itazame tena nyumba ile. Mtu mzima, mwenye kazi na akili zake, anakaa usiku kupima kuta na kubandika paa la nyumba ambayo hakaribishwi. Katika nyumba ile hakuna mume, hakuna mtoto wa kulea, hakuna anayechoka wala kukasirika. Laura wa mle ndani hawezi kumwambia Charles hapana. Laura mwenye damu na nyama alishamwambia, tena vizuri: kwamba anamweka juu mno, na kwamba hapendi kuwekwa huko. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika filamu nzima. Mwanamke anaomba aonekane alivyo, na anayempenda anasikia wimbo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu. Nimejua taa ya sebuleni kwake, nimejua sekunde nne za sauti yake, nimejua wiki tisa. Yeye mwenyewe sikumwona. Hukuniambia anacheka nini, anaogopa nini, mligombana kwa jambo gani, wala kwa nini alirudi. Sidhani umeficha. Nadhani miezi kumi na moja imekula yale yote, na kilichobaki ni mfano ulioujenga mwenyewe, nao haugombani na mtu.

Sasa nikwambie jambo kuhusu filamu hiyo ambalo pengine dada yako hakulijua. Ina miisho miwili. Iliongozwa na Joan Micklin Silver, mama aliyetengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, Hester Street ya mwaka 1975, nje ya kampuni kubwa, kwa pesa alizotafuta mumewe. Hii ya Charles ilisukumwa na waigizaji watatu vijana walioamua kuwa watayarishaji. Mmoja wao, Mark Metcalf, ndiye anayecheza mume wa Laura. Ilipofika kwa wasambazaji, United Artists, wakubwa wakataka jina la kuchangamsha na mwisho wa furaha. Ikatoka mwaka 1979 kwa jina la Head Over Heels, na mwishoni Laura anarudi kwa Charles. Watu hawakuijali. Mwaka 1982 ikarudishwa kwenye sinema kwa jina lake la awali, na ule mwisho wa furaha ukaondolewa. Laura harudi. Safari hii ikapata watu wake, na ndiyo uliyoiona wewe.

Naomba ukae na hilo kidogo. Laura aliporudi, filamu haikushika. Alipoachwa aende zake, ikasimama. Mimi nina sababu yangu ya kuamini hivyo: ule mwisho wa kwanza unamlipa Charles kwa kukaa kwenye gari. Unatuambia kwamba ukisubiri sana nje ya nyumba ya mtu, siku moja mlango utafunguliwa. Wewe umekuwa ukiishi ndani ya mwisho ule miezi kumi na moja, ingawa filamu uliyoitazama haina mwisho huo.

Na kuna upande ambao lazima niuseme waziwazi, kwa sababu nakupenda kama mwanangu na namfikiria binti wa watu pia. Charles ndiye anayetusimulia hadithi yake. Tumo garini naye, tunasikia mawazo yake, tunajua hana ubaya, ndiyo maana tunacheka. Yule mama wa watu hayumo garini kwako. Yeye yuko dirishani. Akifungua pazia aone gari analolijua limesimama na taa zimezimwa, hawezi kusikia moyo wako. Anachokiona ni mwanamume aliyeombwa asimtafute, na amekuja. Hiyo ni hofu, mwanangu. Inaweza kumfanya ashindwe kulala, inaweza kumletea ugomvi na mumewe, na ana haki ya kwenda kukushtaki. Nia yako safi haimpunguzii chochote.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe umeambiwa, kwa maandishi, na neno "tafadhali" juu yake. Usilitafutie neno hilo tundu la kupitia. Ukimtumia filamu, utakuwa umemtafuta. Ukimtumia kwa namba nyingine, au kupitia rafiki yake, ni hivyohivyo. Na fikiria atakachokiona akiifungua: mwanamume nje ya nyumba, ndani ya gari. Hatasema "kumbe ananipenda." Atakwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Sikudharau, na wala sisemi ulichohisi kilikuwa uongo. Wiki tisa zinatosha kumpenda mtu, na kuna ndoa zilizoanza kwa chini ya hapo. Ulimpenda, naye pengine alikupenda, kisha akachagua. Lia. Ulianza siku ile mbele ya dada yako, na nahisi ndilo jambo la kweli kuliko yote uliyoniandikia. Mwanamume anayelia kwa ajili ya kilichokwisha ameshakubali kwamba kimekwisha, hata kama mdomo wake bado unakataa.

Kuanzia kesho badilisha njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu. Jioni ndiyo saa yako mbaya, kwa hiyo usiiache tupu: mwombe dada yako awe anakupigia muda ule ule uliokuwa ukisimamisha gari. Ukijikuta umefika tena mtaani kwao bila kupanga, usijilaumu ukanyamaza. Tafuta mshauri nasaha uketi naye ana kwa ana, maana hapo mzigo umezidi wa mtu mmoja na dada yake. Kama una kitu chake, sweta au kitabu, kikae hapohapo kilipo. Usikipeleke.

Filamu itazameni tena wewe na dada yako. Safari hii mwangalie Laura tu, uso wake, kila Charles anapoanza kumsifu.

Halafu ule ujumbe wa sekunde nne, ufute dada yako akiwa ameketi karibu. Usikilize mara moja zaidi kama ni lazima, lakini usikilize maneno yenyewe. Anasema amefika salama. Anakwambia ulale.