Muulize Fundi: Fyuzi inakufa kila nikikata kona

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni wa boda huku Gongoni, alfajiri napeleka watu kwenye mashamba ya chumvi na usiku nawarudisha. Pikipiki yangu ni ya zamani, cc 125, niliinunua mkononi. Njia za ndani ni giza totoro kwa hivyo nikafungisha spotilaiti mbili za wati 55 kila moja, radio na chaja ya simu. Tangu hapo sina raha. Betri nimebadilisha mbili kwa miezi minne, stata haivuti mpaka nipige kiki, chaja iliungua wiki ya kwanza tu, na sasa fyuzi ya ampea 10 inakufa, hasa nikikata kona kushoto. Fundi mmoja ameniambia niweke ya 20, mwengine asema betri za siku hizi ni mbovu. Nifanyeje? (Dereva wa boda, Gongoni)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza kabisa nakuomba, hio fyuzi ya 20 usiiweke, tafadhali. Fyuzi haikai pale kulinda taa, inalinda waya, na ukiweka kubwa kuliko waya inavyoweza kubeba basi kitakachoungua ni waya yenyewe. Mimi nililetewa pikipiki moja hapa Malindi mwenyewe ameziba fyuzi kwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikatoa siti nikakuta plastiki ya waya imeyeyuka ikashikana na waya za jirani mpaka chini ya tangi, na tangi lina petroli. Ile harufu sijaisahau.

Sasa shida zako ni tatu tofauti zimekuja pamoja, ndo maana kila fundi akuambia lake.

Hio ya kona ndo rahisi kuliko zote na ndo ya kuanza nayo. Fyuzi ikifa ukikata upande mmoja tu, kuna waya inabanwa au imechubuka pale shingoni, nyuma ya hedilaiti, mahali usukani unapozunguka. Fungua taa kubwa, mwambie mtu azungushe usukani polepole kushoto na kulia alafu wewe uangalie kwa tochi waya moja moja, utaona mahali plastiki imelika na shaba yang'aa inagusa fremu. Aghlabu ni ile waya mpya ya spotilaiti, manake huvutwa ikakaza bila kuachiwa nafasi ya kuzunguka. Rekebisha, ivishe mpira, uifunge mbali na chuma.

Ya pili ni mzigo. Hebu tupige hesabu, wati ugawanye kwa volti 12 upate ampea. Spotilaiti mbili ni wati 110, hedilaiti tuseme 35, taa ya nyuma 5, radio kama 20, chaja 10. Jumla wati 180, yani ampea 15. Koili ya magineto, ile inayotengeneza umeme injini ikizunguka, ya pikipiki ndogo ya zamani nyingi haifiki hata wati 150, tena hapo ni kwenye resi, ukisimama ikinguruma taratibu inatoa kidogo mno. Kinachobaki kinatoka kwenye betri, na betri ya pikipiki kama yako mara nyingi ni ya ampea-saa 5, zile spotilaiti peke yake zinaimaliza kwa kama nusu saa. Kwa hivyo betri zako mbili hazikuwa mbovu, wewe ulikuwa unazikausha kila usiku na betri ikikaushwa hivyo mara kwa mara haipati tena nguvu yake.

Kabla hujanunua ya tatu tafuta mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi yatosha. Asubuhi pikipiki ikiwa imelala usiku mzima pima betri, ikisoma volti 12.6 au zaidi iko sawa, ikishuka 12.0 imekwisha chaji. Alafu washa, zima kila ulichoongeza, piga resi ya kati, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa magineto uchaji betri na kuuzuia usizidi, ndo mbovu na itaendelea kukuunguzia balbu na betri. Ikibaki kwenye 12 haichaji, hapo ni koili, rektifaya au soketi zake. Ikisoma vizuri lakini ukiwasha spotilaiti inaanguka chini ya 12.5, ushajua, ni mzigo umezidi. Toa hizo 55, weka za LED za wati 20 kila moja, mbili zinakula ampea 3 na kidogo tu na njia utaiona vizuri.

Na ukizifunga usipitishe moto wake, yani umeme, kwenye swichi ya zamani. Weka rile, ile swichi inayowashwa kwa umeme, miguu yake imeandikwa namba: mguu wa 30 utoke betri kupitia fyuzi ya ampea 5, na hio fyuzi isiwe mbali na betri zaidi ya shubiri moja, 87 uende kwenye taa, 86 utoke kwenye swichi ya spotilaiti inayopata moto funguo ikiwashwa, 85 uende arthi, yani kwenye fremu, njia ya umeme kurudi betri.

Arthi ndo ya tatu, na kwako Gongoni naiogopa kuliko zote. Vumbi la chumvi na upepo wa bahari vinaingia kwenye kila kiungo. Fungua soketi moja tu uone, shaba imeota unga wa kijani, na waya ukiikata ndani ni nyeusi kama imechomwa. Washa taa, mguu mweusi wa mita kwenye negativu ya betri, mwekundu kwenye waya ya negativu ya taa. Ikisoma zaidi ya nusu volti arthi yako ni mbovu, hata kama taa inawaka. Kwangua rangi kwenye fremu mpaka chuma cheupe, kaza boliti, paka grisi juu. Viungo vya kusokota na tepu vitoe vyote upige solda, jua letu layeyusha gundi ya tepu kabla mwaka haujaisha.

Ile chaja nadhani ilivutwa kutoka waya ya hedilaiti. Pikipiki nyingi za zamani taa kubwa hula moja kwa moja kwa magineto, haipitii betri, na umeme huo unapanda na kushuka na resi, chaja haiuwezi. Washa funguo bila injini, hedilaiti ikikataa kuwaka basi ni hivyo. Na ikiwa ni hivyo, hedilaiti kufifia ukisimama si ugonjwa.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimeweka alamu kwenye pikipiki, kila asubuhi betri imelala. Wamesema betri ndo mbovu. (Msomaji, Mokowe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tutafute kwanza kinachokula betri usiku. Zima funguo, toa negativu ya betri, weka mita kwenye ampea 10 katikati ya betri na hio waya. Usiguse stata wakati huo, utaunguza mita. Ikisoma zaidi ya ampea 0.05 chomoa alamu uone kama inashuka. Ikishuka umeipata. Isiposhuka rudisha alamu, uanze kuchomoa rektifaya.