Maswali ya Moyo: Asilimia 60 ya Nini?

Dokta, baba kapigwa anjiografia (picha ya mishipa ya moyo) Muhimbili, mshipa umeziba asilimia 60. Awekewe stenti, kile kijibomba cha kuutanua? (Tabata)

Kila wiki naletewa asilimia tupu, kama alama za mtihani. Asilimia inaeleza umbo la mshipa, haisemi damu inapita kiasi gani. Katika utafiti wa FAME, mishipa iliyoonekana kubana asilimia 50 hadi 70 ilipimwa kwa waya wenye kihisi cha shinikizo. Ni asilimia 35 tu iliyokutwa ikipunguza damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Kipimo hicho, FFR, hulinganisha shinikizo kabla na baada ya pale palipobana. Ikisoma 0.80 au chini, stenti inazungumzika. Juu ya hapo, mara nyingi dawa zinatosha. Kwa hiyo muulize daktari wake FFR ni ngapi, na ni mshipa upi, maana shina kuu la kushoto, linalolisha sehemu kubwa ya moyo, halichezewi. Halafu wewe uniambie: mzee anabanwa kifua akipanda ngazi? Hilo hukuliandika.

Eti siku hizi kompyuta inapima bila waya? (Kigamboni)

Kweli. Programu nyingine hutumia picha za sitiskani (CT scan). Nyingine, iitwayo QFR, hutumia picha za anjiografia yenyewe, hujenga mshipa kwa sura tatu na kukokotoa mtiririko, bila waya wala dawa ya adenosini ile inayomfanya mgonjwa ahisi kifua kinakabwa. Utafiti wa China wa 2021 ulionyesha QFR inamwongoza daktari vizuri kuliko jicho lake. Wa Ulaya, 2024, ukaonyesha haijaufikia waya kwa ubora. Na picha mbovu huzaa namba mbovu: chokaa ikijaa kwenye mshipa au moyo ukienda mbio, sitiskani hudanganya. Ukiambiwa usinywe kahawa kabla ya kipimo, usinywe.

Sina dalili yoyote. Nipige sitiskani nijue tu? (Mbezi)

Hapana. Presha, sukari na lehemu umeshapima?

Stenti itaniongezea miaka? (Temeke)

Wakati wa shambulio la moyo, inaokoa maisha. Kimbia hospitali, usisubiri kupambazuke. Kwa maumivu yanayokuja ukijituma na kutulia ukipumzika, utafiti wa ISCHEMIA wa 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, haukuona vifo vikipungua. Maumivu ndiyo yalipungua, nayo si haba.

Kitunguu saumu na limau vinazibua mishipa? (Kariakoo)

Havizibui. Anayekuuzia muulize alipima kwa kipimo gani. Na wewe uliyewekewa stenti juzi, usiache aspirini na klopidogreli kwa ajili ya chupa ya kitunguu na limau: damu ikiganda ndani ya stenti, unaweza usifike hospitali.