Pimeni Kabla ya Kuongeza Kasi ya Pampu

Tangu nirejee Malindi baada ya miaka kadhaa ya kuhudumia wagonjwa mahututi nchini Uingereza, wauguzi vijana wanaojiandaa kwenda huko huniuliza kuhusu pafu bandia (ECMO), mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Wengi hutaka kujua vitufe. Mimi huanza na damu inayorudi mashineni bila kumfaidi mgonjwa.

Mashine inaposaidia mapafu pekee, mrija mmoja hunyonya damu kutoka mshipa mkubwa wa vena, mara nyingi kupitia kinena, na mwingine, uliopitishwa shingoni, huirudisha ikiwa na oksijeni karibu na upande wa kulia wa moyo. Ncha za mirija zikikaribiana mno, au pampu ikienda kasi kupita uwezo wa moyo, sehemu ya damu hiyo hunyonywa tena papo hapo, kama pampu ya kisima inayomwaga maji kando ya mdomo wake wa kunyonyea.

Dalili yake hudanganya. Oksijeni ya damu inayoingia mashineni hupanda, mrija wa kunyonya hugeuka mwekundu wa kung'aa, na asiyezoea hufurahi, ilhali oksijeni ya mgonjwa mwenyewe inashuka. Anayekimbilia kuongeza kasi mara nyingi huzidisha tatizo.

Hesabu ya kujua ni sehemu gani ya damu inayonyonywa tena si ngumu. Chukua kiwango cha oksijeni cha damu inayoingia kwenye pafu bandia, toa kile cha damu ya vena ya mgonjwa, kisha gawa kwa tofauti iliyopo kati ya damu inayotoka pafuni na hiyo ya vena. Viwango vikiwa asilimia 80, 60 na 100, jawabu ni nusu: pampu inayoonyesha lita 4 kwa dakika inamfaidi mgonjwa kwa lita 2 tu. Tatizo ni kuipata hiyo 60, kwa sababu damu iliyo karibu na moyo imekwisha kuchanganyika na ya mashine, na ya vena ya juu hailingani na ya vena ya chini. Ndiyo maana naiamini zaidi njia ya altrasaundi, ambapo maji ya chumvi hudungwa upande wa kurudishia, na vihisio vilivyobanwa kwenye mirija yote miwili huonyesha ni kiasi gani kimejitokeza tena upande wa kunyonya. Waliohudumia wagonjwa wa figo huenda wakaitambua, kwani hutumika pia kupima fistula, yaani ateri na vena zilizounganishwa mkononi kwa ajili ya kusafishia damu.

Jawabu likiwa kubwa, mwiteni daktari akague ncha za mirija kwa eksirei au altrasaundi ya moyo, na kasi ikipunguzwa, ipunguzwe kidogo kidogo huku mkitazama oksijeni ya ateri. Pimeni upya baada ya kila badiliko, hata mgonjwa akigeuzwa tu kitandani, kwa maana mrija husogea.