Uliza Tujibu: Wamohawk sio kiduku tu

Toleo lililopita tuliwagusia kidogo Wamohawk, wale wenyeji wa Amerika Kaskazini, na meseji zimemiminika kweli. Zote hatuziwezi, tumechagua hizi.

Mhariri habari ya kazi. Naomba kujua, ni kweli kiduku kilitoka kwa hawa watu? Nimebishana na washkaji hadi basi. – Kinyozi

Nzuri Kinyozi. Mtagawana ushindi hapo. Hao mashujaa wao wa zamani walikuwa hawanyoi, walikuwa wananyofoa nywele moja moja (jiulize maumivu yake), wanabakiza kipande kidogo tu utosini kwa nyuma, wanakisuka. Huu mstari mrefu kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni mnaowanyoa vijana leo unafanana zaidi na staili ya Wapawnee, kabila lingine kabisa la huko kwenye nyika za katikati ya Marekani. Jina likawaganda Wamohawk basi.

Shikamoo mhariri. Mliandika eti mwanamume wa Kimohawk akioa anahamia kwa mke. Sasa kichwa cha nyumba ni nani hapo? – Baba Watatu

Marahaba Baba Watatu. Hili swali ndio limeletwa na wengi, na wengi wao wanaume, sishangai.

Kwanza uione nyumba yenyewe. Zamani, kwao kwenye bonde la mto Mohawk, jimbo la New York ya leo, walikuwa wanajenga nyumba ndefu za fito na magome ya miti, upana kama mita 6 hivi, urefu mita 30 ni kawaida na zingine zinazidi hapo mbali. Katikati kuna mstari wa mioto, kila moto wanashea familia mbili, moja upande huu na nyingine upande ule. Na wanaoishi humo ni akina mama wa ukoo mmoja, bibi, mabinti zake, wajukuu, halafu ndio waume zao ambao wamekuja kutoka koo zingine. Koo zao ni tatu, Dubu, Mbwa Mwitu na Kobe, na huwezi kuoa wa ukoo wako. Mtoto anafuata ukoo wa mama. Kwa hiyo ndoa ikivunjika anayefungasha virago ni baba, watoto wanabaki walipo.

Mashamba nayo ni ya wanawake. Wanaume wanafyeka msitu, wanawinda, wanavua, wanaenda vitani, ila mahindi, maharage na maboga, wanayoyaita dada watatu, ni kazi ya mama na mavuno yapo mkononi mwake. Yanapandwa pamoja kwenye tuta moja, mhindi unakuwa nguzo, maharage yanapanda juu yake na kurutubisha udongo, majani ya boga yanafunika chini magugu yasiote na unyevu usipotee. Na sasa fikiria vijana wanataka kwenda kupigana na akina mama hawataki, wananyimwa mahindi makavu ya safarini, na shujaa hawezi kwenda vitani bila chakula, si ndio?

Lakini kubwa kuliko yote ni uchifu. Wamohawk ni moja ya mataifa matano yaliyoungana kuanzisha shirikisho la Haudenosaunee (wa sita, Watuscarora, walijiunga miaka ya 1720), na Wamohawk ndio walinzi wa mlango wa mashariki. Baraza lao lina viti 50 vya machifu, Wamohawk wana 9, kila ukoo 3. Wanaokaa ni wanaume, sawa, ila anayewachagua ni mama wa ukoo baada ya kushauriana na wenzake. Chifu akiharibu anaonywa, akirudia anaonywa tena, ikifika mara ya tatu anavuliwa pembe za kulungu ambazo ndio alama ya cheo chake, na aliyemvisha ndiye anayemvua. Simulizi yao inasema Mleta Amani alipokuja kuyapatanisha mataifa yale, mtu wa kwanza kuikubali habari yake alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, na ndio maana akina mama wakapewa haki hiyo.

Kwa hiyo Baba Watatu, kichwa cha nyumba ni mama mkubwa wa humo ndani, wewe ungekuwa mkwe tu.

Kwani mambo hayo bado yapo au ni hadithi za kale? – Mpenda Historia

Yapo, ila yamepitia misukosuko. Kanada, ambako Wamohawk wengi wanaishi leo, walipotunga Sheria ya Wahindi (ndivyo walivyowaita wenyeji) ya 1876 waligeuza kila kitu juu chini. Mwanamke mwenyeji akiolewa na mwanamume ambaye si mwenyeji anafutwa kwenye orodha ya serikali ya wenyeji, yeye na watoto wake, hana tena haki ya kuishi kwao wala kuzikwa kwao. Mwanamume akioa mzungu, yule mzungu ndio anahesabika mwenyeji! Kwa watu ambao ukoo wote unapita kwa mama, hiyo si ndio kuwakata shina kabisa. Mary Two-Axe Earley, mama wa Kimohawk kutoka Kahnawake karibu na Montréal, alipambana na hiyo sheria miaka na miaka mpaka ikabadilishwa 1985, na yeye akawa wa kwanza kurudishiwa haki yake.

Nasikia wao ndio wamejenga maghorofa ya New York na hawaogopi urefu, wamezaliwa hivyo. – Fundi

Kujenga ni kweli, hiyo ya kuzaliwa bila woga achana nayo, mafundi wao wenyewe wanasema wanaogopa kama wewe, wamejifunza tu kuishi na woga. Ilianza 1886, kampuni ya reli ilikuwa inajenga daraja la mto St. Lawrence pale Kahnawake, vijana wakapewa vibarua na wakaishia kupanda juu kwenye vyuma. Wakawa mafundi kweli. Halafu tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Québec likaporomoka likiwa bado linajengwa, wakafa watu 75, 33 kati yao wa Kahnawake, kijiji kimoja tu. Akina mama (unaona wanarudi tena) wakasema haiwezekani tena wanaume wote kwenda kazi moja, wagawanyike. Ndio wakasambaa mpaka New York, Empire State Building wapo, World Trade Center wapo, familia zikahamia Brooklyn na wengine wikendi wanaendesha usiku kucha kurudi kwao.

Ni Wakristo? Na mgeni anaweza kwenda kuwaona? – Mama Safari

Wapo Wakatoliki wengi tu, Kateri Tekakwitha aliyetangazwa mtakatifu 2012 baba yake alikuwa Mmohawk na kaburi lake liko kanisani Kahnawake. Wapo pia wanaofuata njia ya nyumba ndefu, yaani imani yao ya asili, wana sherehe zao za katikati ya baridi, za stroberi, za mahindi mabichi, na kila mkutano unafunguliwa kwa maneno ya shukrani, wanashukuru watu, dunia mama, maji, samaki, mimea, mpaka bibi mwezi na nyota, inaweza kuchukua muda mrefu. Pale Akwesasne, makazi yao mengine mpakani mwa Kanada na Marekani, wazazi walianzisha shule yao 1979 na watoto wanafundishwa kwa Kimohawk.

Kwenda unaweza. Kahnawake wana pauwau kila Julai, ngoma na vyakula, wageni wanakaribishwa. Sherehe za ndani ya nyumba ndefu ni kitu kingine, huko usiende bila kualikwa, na simu iache mfukoni.