Maswali ya Wasomaji: Stata Inapiga “Ta” Halafu Kimya

SWALI: Mafundi, nina Toyota Corolla ya petroli, injini 5A. Wiki ya pili sasa nikizungusha ufunguo nasikia “ta” moja tu, taa za dashibodi zinabaki zinawaka vizuri. Nikirudia mara nne au sita inakubali, inawaka kama haijawahi kuumwa. Betri ina miezi mitatu. Fundi mmoja ananiambia ninunue stata nzima, mwingine huigonga kwa nyundo. Naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Unaweza, na tunakuomba usinunue stata kabla hujapima. “Ta” moja nzito, taa hazififii, leo inakubali kesho inakataa: dalili hizo mara nyingi ni za kontakti zilizoliwa, yaani vile vipande viwili vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku iliyoshikamana na stata). Stata nyingi nzima hutupwa kwa ajili ya vipande hivyo viwili tu, na spea zake zinauzwa peke yake.

Anza na mita. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.4 au zaidi, na vichwa vyake visiwe na ukungu mweupe. Kisha uende kwenye stata. Ina terminali tatu za kuzijua: 30, yenye waya mnene utokao betri, 50, yenye waya mwembamba utokao kwenye swichi ya ufunguo, na C, ambapo waya mfupi mnene unatoka kwenye solenoidi na kuingia kwenye mota. Gia iwe fri (otomatiki iwe P), breki ya mkono iwe juu, waya mweusi wa mita ushike bodi ya stata, na mwenzako ashikilie ufunguo sekunde mbili tatu.

Ukisikia “ta”, 30 ikasoma volti 11 au 12 na C ikasoma sifuri, kontakti hazigusani: umeme unafika mlangoni hauingii. Kama C nayo ina volti 11 na mota imekaa kimya, kosa liko kwenye brashi (kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota) au amecha (sehemu ya mota inayozunguka). Kama 30 inaporomoka hadi volti 3 au 4 wakati kwenye betri bado kuna 12, stata haina kosa, kuna waya au kichwa cha betri kilichooza. Na kama haisikiki hata “ta”, pima 50: isipopata umeme, tafuta kosa kwenye swichi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au swichi ya gia ya otomatiki. Pima pia upande wa ethi (njia ya hasi), kutoka kwenye bodi ya stata hadi kichwa cha hasi cha betri, ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi unahitaji kusafishwa au kubadilishwa.

Sasa kufungua. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Terminali 30 ina umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikiigusa pamoja na bodi itatoa cheche za kuunguza mkono. Nati ya 30 mara nyingi ni namba 12 au 13, bolti zinazoshika stata ni 14 au 17. Ukilazimika kuingia chini, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.

Stata ya Denso iliyo kwenye Toyota nyingi ina kifuniko cha duara nyuma ya solenoidi, kimeshikwa na bolti tatu ndogo, kwa kawaida namba 8. Ukikitoa utaona plunja (fimbo inayovutwa na sumaku ya solenoidi) yenye sahani ya shaba, na chini yake kontakti mbili. Zitazame kwa karibu: pale sahani inapogonga pamechimbika kama ngazi, pana weusi na matone madogo ya shaba iliyoyeyuka, na kwa kawaida moja imeliwa kuliko mwenzake. Hapo ndipo kosa lilipo. Sahani inashuka, inagusa upande mmoja, upande wa pili inabaki nafasi unene wa karatasi.

Wengi huzipiga tupa wakazirudisha. Haisaidii kwa muda mrefu, kwa sababu unaongeza nafasi ileile. Weka mpya zote mbili, na plunja pia kama sahani yake imechimbika sana. Ikiwa imechafuka tu, isugue juu ya msasa namba 400 uliolazwa kwenye kioo, ili ibaki bapa. Kabla ya kukaza nati, bonyeza plunja kwa kidole uone sahani inalala sawa juu ya kontakti zote mbili. Usipake grisi hapo.

Unapotoa boliti ya 30, piga picha mpangilio wa vihami vyake vya plastiki na washa. Kimoja kikisahaulika, boliti itagusa bodi na ukirudisha betri utapata moto. Kwa hiyo, kabla ya kuifunga kwenye gari, weka mita kwenye omu kati ya 30 na bodi: isionyeshe muunganiko wowote (ikisoma sifuri, kuna kosa). C ikionyesha omu ndogo usishtuke, hiyo ni mota yenyewe.

Ukitenganisha solenoidi na kichwa cha gia, kuna golori ya chuma inayodondoka kwenye ekseli ya bendeksi (sehemu yenye gia inayotoka kushika injini). Fanyia kazi juu ya trei. Na ukishafika huko, pima brashi za kaboni: nyingi huanza na milimita 14 hadi 16, zikikaribia 9 au 10 zibadilishe.

Kuhusu nyundo, acha. Baadhi ya stata zina sumaku za kudumu, zikipasuka vipande vinakwama kwenye amecha na hapo kweli utanunua nzima.

SWALI: Stata yangu inalia kwa kasi “wiiii” lakini injini haigeuki.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Mota ni nzima, bendeksi haishiki. Itoe stata, zungusha pinioni (gia ndogo ya bendeksi) kwa mkono: upande mmoja izunguke huru, upande wa pili igome. Ikizunguka huru pande zote, bendeksi imekufa, haitengenezwi. Hata iliyo nzima usiioshe kwa petroli, utatoa grisi iliyofungiwa ndani. Bendeksi ikiwa sawa, mulika meno ya flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na pinioni) pande zote. Injini ya silinda nne huelekea kusimama sehemu mbili zilezile, kwa hiyo meno huliwa hapo. Kipimo cha haraka kwa gari la manyuo: zima, weka gia ya nne, lisukume kidogo, rudisha fri, jaribu tena. Likikubali, tatizo ni meno.

SWALI: Nimeachia ufunguo, stata ikaendelea kulia mpaka nikachomoa betri.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ulifanya vyema kuchomoa. Toa waya wa 50, kisha rudisha betri kwa uangalifu. Ikianza kulia tena, kontakti zimegandana kwa joto. Ikinyamaza, tazama swichi ya ufunguo au rilei. Kugandana huletwa na betri dhaifu: plunja inatetemeka, shaba inatoa cheche mfululizo na kuyeyuka. Kwa hiyo pima na betri kabla ya kuweka kontakti mpya, na usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo.