Kutafuta wakili wa kesi ya hospitali Malindi

Pole sana dada, na mdogo wako mpe pole. Kitambaa kusahauliwa tumboni baada ya upasuaji wa kujifungua si jambo la kunyamaziwa.

Kabla ya wakili, ombeni nakala ya faili lake: fomu ya ridhaa, ripoti ya upasuaji, karatasi ya kuruhusiwa. Ombeni kwa barua, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi kwa mambo ya mamangu niliomba kwa mdomo tu. Nilizungushwa wiki sita, na faili lilipotoka, karatasi ya chumba cha upasuaji haikuwemo.

Wakili msikimbilie Mombasa, Mahakama Kuu ipo hapa Malindi. Hakikisheni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili (LSK) kwamba cheti chake ni cha mwaka huu. Kisha muulizeni waziwazi: umeshaendesha kesi ya uzembe wa daktari? Ni daktari gani mtaalamu atakayetoa ushahidi? Bila huyo shahidi mtahangaika sana. Akisema hamlipi kitu mpaka mshinde, jihadharini, Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano hayo. Ada iandikwe.

Muda wa kufungua kesi ndio unaonitia wasiwasi. Kwa kawaida ni miaka 3, lakini kama hospitali ni ya serikali, hesabuni miezi 12. Malalamiko kwa Baraza la Madaktari (KMPDC) pelekeni pia, ila msingoje jibu lao ndipo mfungue kesi. Alifanyiwa upasuaji lini?