Bendi au DJ kwa harusi yako

Dada, nimekuelewa: ukumbi mdogo, wageni wa rika zote, na bajeti inatosha bendi au DJ, si vyote viwili. Mimi ningechukua DJ. Bendi hupumzika kati ya awamu, na ngoma zikilia kwenye chumba kidogo, wazee hawasikilizani mezani. Ukitamani muziki wa laivu, mpiga gitaa mmoja wakati wa chakula anatosha kabisa.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, kamwone DJ akiwa kazini. Video anazokutumia amezichagua mwenyewe. Mpe pia orodha ya nyimbo usizozitaka. Mkataba utaje saa za kuanza na kumaliza, na nani atashika nafasi yake akiugua. Fundi umeme akague ukumbi mapema, maana mzigo ukizidi nyaya hupata moto.